Walipoamua Kuwa Jino Si Dharura

Nyie vijana mnaoanza mafunzo ya kumsaidia daktari wa meno hapa London mmeniomba niwaandikie niliyoyaona kazini, na nadhani najua mlichokitaka. Mlitaka mama mstaafu awaeleze namna ya kupanga vifaa kwenye trei, namna ya kunyonya mate bila kumkaba mgonjwa, na vichekesho viwili vitatu vya watu waliomng'ata daktari. Hayo nitawapa. Lakini nina hasira, hasira ya miaka sasa, na leo ndiyo nafasi yangu ya kuitoa. Kwa hiyo mvumilie.

Naitwa Tabitha, mzaliwa wa Korogwe. Nimefanya kazi miaka ishirini na sita katika kliniki moja ya meno Wembley, vyumba viwili na ngazi nyembamba juu ya duka la sari. Daktari wangu alikuwa Daktari Nilesh, Mhindi mzaliwa wa Mwanza, ambaye Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha wanangu waliozaliwa hapa. Kila Jumapili alikwenda kusali hekaluni Neasden, na kila Jumatatu aliniletea ladu tamu za Kihindi kwenye kopo, halafu yeye huyohuyo akanihutubia kuhusu sukari na meno.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Doreen, Mjamaika mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Enzi hizo picha za eksirei zilisafishwa kwa dawa ndani ya kisanduku cheusi chenye matundu mawili ya kuingizia mikono. Wiki yangu ya pili nilifungua kifuniko nichungulie kama picha imeiva. Ikawa nyeusi tii! Nikadhani Doreen atanisaidia kutunga uongo kwamba mashine ni mbovu. Akanishika bega akanisukuma hadi kwa mgonjwa. "Uliyefungua ni wewe, basi utakayesema ni wewe." Nikasema. Mgonjwa akacheka, tukapiga picha nyingine. Siku nyingine nilikoroga ule unga wa kuchukulia alama ya meno kwa maji ya moto, maana nje kulikuwa na baridi na nilimwonea mgonjwa huruma. Mkikumbuka jambo moja tu kwenye barua hii, msikoroge kwa maji ya moto. Ulikauka kabla sijafika kwenye kiti. Daktari akageuza bakuli juu chini, hakikudondoka kitu, akaniuliza kama namjengea nyumba.

Ila somo kubwa la Doreen halikuwa la vifaa. Aliniambia nisimuulize mgonjwa swali la ndiyo au hapana. Mtu akiulizwa na mwenye sare, hujibu vile anavyodhani mwenye sare anataka. "Muulize amekula nini leo," alisema. "Muulize jana alilalia upande gani. Hapo ndipo utajua anaumwa kiasi gani." Nililifuata somo hilo miaka yote. Nikaja kuliacha mara moja tu, na ndiyo maana ninaandika.

Korona ilipoingia, ukaja waraka. Kliniki zote za meno zisimamishe kuona wagonjwa. Nitasema haki: sababu ilikuwepo. Mashine ya kutoboa jino inarusha mvuke wa maji na mate chumba kizima, na wakati ule hakuna aliyejua tunavuta nini puani. Wiki ya kwanza sikulalamika. Mimi mwenyewe niliogopa, nina sukari, na niliosha mikono mpaka ngozi ikapasuka. Hata barakoa na vikinga uso vyetu tulivikusanya Daktari akavipeleka hospitali, maana huko vilikuwa vimewaishia.

Kilichonichoma ni kwamba baada ya kufunga, hakuna aliyefikiri watu wangefanyaje. Tuliambiwa tukae kwenye simu. Vikafunguliwa vituo vichache vya dharura, na huwezi kwenda mwenyewe, lazima upelekwe kwa fomu. Fomu ilikuwa na maswali. Mgonjwa anapumua? Anameza? Damu inakatika? Uvimbe umefika jichoni? Kama majibu ni mazuri, jino si dharura. Unampa ushauri, unamwambia anywe dawa za maumivu, na Daktari anamwandikia antibiotiki. Basi. Unakata simu na nyingine inaita.

Siku nzima mimi nakaa chumba cha mbele, Daktari chumba cha nyuma, madirisha wazi, makoti mwilini, na katikati yetu kiti cha wagonjwa kimefunikwa shuka kama maiti. Kulikuwa na vifaa, ganzi, na daktari mwenye mikono miwili mizima, na chini mtaani kulikuwa na watu wanalia kwa meno. Na mimi nasoma fomu. Mzee mmoja wa Neasden aling'oa jino lake kwa koleo la gari, akanipigia kwa furaha kunieleza. Nikamuuliza maumivu yameisha? Akasema, "Nadhani nimeng'oa la jirani yake." Nilicheka, Mungu anisamehe, na yeye akacheka, halafu akaanza kulia. Mtu mzima wa miaka sabini.

Sasa niwaambie habari za Bi Mwanaidi.

Bi Mwanaidi ni mtu wa Bagamoyo, mjane, wakati ule alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, si mbali na kliniki yetu. Kuwaosha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Aliishi na binti yake Salma, aliyekuwa anasoma chuo. Chini kulia alikuwa na gego lililopasuka, mzizi umeshaanza kuoza, na Daktari Nilesh alikuwa amempangia kuling'oa Jumanne. Waraka ukatukuta Jumatatu. Mimi ndiye niliyempigia kumfutia miadi.

"Mpaka lini, dada Tabitha?" aliniuliza.

"Hawajasema, mdogo wangu."

"Haya. Tutavumilia. Kuna wenye makubwa zaidi."

Na kweli alikuwa nayo makubwa. Kwenye ile nyumba wazee walikuwa wanakufa. Wiki iliyofuata akapiga simu, jino linapiga kama ngoma. Nikasoma fomu. Anapumua, anameza, hana damu. Daktari akamwandikia antibiotiki, akameza, akapata nafuu siku nne, kisha likarudi. Antibiotiki haing'oi jino, wanangu. Inatuliza usaha kidogo, lakini mzizi mbovu ukibaki pale, utatengeneza usaha mwingine. Hilo kila mtu aliyeandika ile fomu alilijua.

Jumatatu moja akapiga tena. Nilikuwa nimeshapokea simu thelathini na kitu, masikio yanawaka moto. Na nataka mnisikilize hapa, maana hapa ndipo kosa langu lilipo. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Alizungumza kama mtu mwenye uji wa moto mdomoni, maneno yanatoka mazito, herufi zinagongana. Niliisikia sauti ile. Miaka ishirini na kitu ya kusikiliza midomo, niliisikia vizuri kabisa. Lakini nilikuwa na fomu mbele yangu.

"Unapumua vizuri?"

"Ndiyo, dada."

"Unameza?"

Akakaa kidogo. "Nameza."

Nikaweka alama. Nikamwambia Daktari atabadilisha dawa na atampigia baada ya siku chache. Akanishukuru. Wala sikumuuliza amekula nini.

Siku tatu zilizofuata alikuwa anakwenda kazini. Mtashangaa vipi mtu avimbe shavu na shingo halafu watu wasione. Barakoa, wanangu. Kazini kila mtu amefunikwa pua na mdomo. Aliwaosha wazee huku taya limejaa, na msimamizi wake hakuona kitu. Alhamisi akiwa njiani kurudi, akakuta majirani wametoka milangoni wanawapigia makofi wauguzi na watunza wazee, kama nchi nzima ilivyokuwa inafanya kila Alhamisi jioni. Walipomwona na sare yake wakapiga kwa nguvu zaidi, mmoja akagonga sufuria. Bi Mwanaidi akawapungia mkono. Asingeweza kutabasamu hata kama angetaka, taya lilikuwa halifunguki. Kila nikikumbuka makofi yale damu inanichemka. Mtaa mzima ulijua kupiga makofi, na hakukuwa na mtu mmoja mjini humu aliyeruhusiwa kumng'oa jino.

Jioni hiyohiyo Salma akampeleka hospitali, mapokezi ya dharura. Mlangoni wakasimamishwa na mtu mwenye orodha. Kikohozi? Hana. Homa? Kidogo. Shida nini? Jino. Akawaambia hapa hatuoni meno, mpigie daktari wako wa meno. Sijui jina la mtu yule na simlaumu peke yake. Naye alikuwa na fomu yake.

Ijumaa asubuhi simu ya kwanza ilikuwa ya Salma. Msichana huyu anaelewa Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza, kama wanangu. Siku ile Kiswahili kilimtoka chenyewe.

"Anti, mama hawezi kufungua mdomo."

Nikaisukuma fomu pembeni. "Salma, mama amekula nini leo?"

"Hajala. Jana alikunywa maji ya uji, kwa kijiko cha chai. Mate yanamtoka, anayafuta kwa taulo."

"Usiku amelala?"

"Amekaa. Akilala anasema anakabwa."

"Mwambie ajaribu kuingiza vidole viwili kati ya meno, kimoja juu ya kingine."

Nikasikia mama anaguna. "Haviingii. Hata kimoja hakipiti."

Mtafundishwa darasani, lakini niwaambie mapema. Mtu asiyeweza kufungua mdomo, mate yanamtoka, na hawezi kulala chali, huyo usaha umeshatoka kwenye jino, umeingia chini ya ulimi unateremka shingoni. Unaweza kuziba njia ya hewa wakati wewe unatafuta kalamu. Nilimpigia mtu wa kituo cha dharura. Akaniuliza kama kuna fomu ya Jumatatu. Nikasema ipo. Akaisoma kwenye kompyuta yake na kuniambia kwa sauti ya upole kabisa kwamba, kwa mujibu wa fomu, mgonjwa anameza, kwa hiyo atawekwa kwenye foleni, na watampigia ndani ya siku mbili.

"Anakufa," nikamwambia.

"Basi apige simu ya gari la wagonjwa."

Salma alikuwa ameshapiga. Gari, aliambiwa, litachukua saa nyingi, maana kila mtu anayekosa pumzi London alikuwa analisubiri.

Daktari Nilesh alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake, amesikia yote. Mtu huyu katika miaka ile yote sikuwahi kumwona akivunja hata sheria ya kuegesha gari.

"Wanakaa dakika ngapi kutoka hapa?" akauliza.

"Kumi kwa miguu."

"Waambie waje uwanja wa nyuma. Na unipe tochi."

"Daktari, tumekatazwa."

"Tabitha," akasema, "mimi nimesomea nini?"

Walikuja. Salma amemshika mama kiunoni. Bi Mwanaidi alikuwa amevaa ushungi na barakoa, akavua barakoa tukamwona. Kidevu chake kilikuwa kimeungana na shingo, ngozi inang'aa nyekundu, ngumu kama ubao. Daktari alikuwa amevaa miwani ya kuogelea ya mjukuu wake, maana vikinga uso tulikuwa hatuna. Siku nyingine ningecheka. Akabonyeza chini ya kidevu kwa kidole kimoja, akaangaza tochi kwenye ufa mdogo wa meno, akaona ulimi umeinuliwa juu hadi kwenye kaakaa. Hakuchukua hata dakika moja.

"Twende. Sasa hivi. Kwenye gari langu."

Tulifungua vioo vyote vinne. Mimi mbele, Salma nyuma na mama yake ameketi wima, anavuta pumzi na sauti kama msumeno. Mlangoni hospitali mtu mwenye orodha akatusimamisha tena. Shida nini? Nilimwona Salma anafungua mdomo kusema jino, nikamwahi.

"Njia ya hewa inaziba," nikasema kwa Kiingereza changu kinyoofu kabisa. "Njia ya hewa. Mwite daktari wa koo na mtu wa kutia mpira wa kupumulia, na usiniulize kuhusu kikohozi."

Daktari Nilesh akasimama pembeni yangu na miwani yake ya kuogelea kichwani, akasema jina la ugonjwa ule kwa lugha ya madaktari, mara mbili, na kuongeza kwamba haondoki mlangoni mpaka mgonjwa aingie. Yule mtu akaangalia shingo ya Bi Mwanaidi. Akatupa orodha mezani akakimbia kuita watu. Nampa haki yake, alikimbia.

Walimpasua shingo sehemu mbili kutoa usaha, wakang'oa gego lile na mengine mawili. Alikaa na mpira kooni siku sita, hajitambui, na Salma haruhusiwi kumwona. Kila siku binti huyo alinipigia, tukawa tunakaa tu kwenye simu. Siku ya saba wakatoa mpira. Akaishi. Ana makovu mawili chini ya kidevu, na sauti yake, ambayo Jumapili ilikuwa inawafundisha watoto kaswida, sasa inakwaruza na haifiki juu.

Jino ambalo Daktari angeling'oa Jumanne kwa dakika ishirini.

Alipopata nguvu nilimtembelea, tukakaa kwenye ngazi za nje, yeye juu mimi chini, tumeachiana nafasi. Nikamwambia niliyoyafanya Jumatatu ile, maana Doreen alinifunza hivyo. Nikasema, niliisikia sauti yako, na sikukuuliza.

Akatazama mikono yake. "Na mimi nilikudanganya, dada. Nilikuwa simezi. Lakini ulivyouliza, nilisikia umechoka mno, nikaona nisikuongezee kazi."

Nililia mbele ya mtaa. Mtu anakaribia kufa kwa adabu! Na kuna watu wameandika fomu nchi nzima wakitegemea kwamba mwanamke kama yule, anayeosha wazee wa watu siku nzima, atajitetea kwenye simu.

Nanyi mnadhani tuliambiwa ahsante? Wiki chache baadaye Daktari alipata barua kutoka ofisi iliyokuwa inasimamia mikataba ya kliniki zetu. Kuna mtu aliona kutoka dirishani, akatoa taarifa kwamba kliniki imepokea mgonjwa wakati wa katazo. Tukaitwa kwenye kikao cha video. Daktari wangu alivaa tai. Wao walikuwa watatu, kila mmoja nyumbani kwake, rafu za vitabu nyuma. Waliuliza kuhusu uwanja wa nyuma, umbali kwa mita, vioo vya gari, na kwa nini Daktari hakuvaa kikinga uso cha kiwango. Akaeleza kwamba vyetu vilikuwa vimekwenda hospitali. Wakaandika.

Kisha mwanamke aliyekuwa katikati akanigeukia, au tuseme akaigeukia kamera yake.

"Bi Tabitha, kwenye simu ya Jumatatu, ulifuata fomu?"

Nilimwona Daktari kwenye kijisanduku chake ananitazama. Alitaka nijilinde.

"Nilifuata," nikasema. "Kila swali, kwa mpangilio wake. Hilo ndilo kosa langu, na ndilo pekee nililofanya. Ijumaa niliiacha, na ndiyo maana yuko hai. Mkitaka kuandika kitu, andikeni hicho."

Akasema ahsante, watazingatia. Hakuna aliyeinua kichwa kutoka kwenye maandishi yake.

Kwa hiyo, wanangu, jifunzeni fomu zenu, mtafanyiwa mtihani. Nami sisemi mvunje kila katazo, siku nyingine katazo ndilo linalookoa. Ila mtakapovaa sare na kushika simu, ulizeni mtu amekula nini. Sikilizeni anavyotamka, si anachosema tu. Masikio yenu yakiwaambia kitu ambacho fomu haijauliza, simameni hapo, hata kama simu nyingine kumi zinaita.

Barua ya kufunga shauri ilikuja nikiwa nimebakiza miezi miwili nistaafu. Mistari mitatu. Walisema Daktari amepewa angalizo, na hakuna hatua zaidi. Nikaisoma mara ya pili, nikaisoma na nyuma, kama kuna kilichoandikwa huko. Humo alikuwemo Daktari, nilikuwemo mimi, ilikuwemo hata anwani ya kliniki. Mwenye jino aliandikwa "mgonjwa".

Anaitwa Mwanaidi binti Shomari, na Jumatatu baada ya barua ile alirudi kazini kuwaosha wazee.